Shanta la Shemeji

Binadamu aghalabu hapimi mzigo wake kwa njia atakayoipita, bali kwa njia anayoiogopa, au, akiwa mtu wa ghera, kwa njia anayotamani watu waseme kuwa ameipita. Ndiyo maana msafiri wa kutoka Tanga kwenda Pangani hufunga virago vya mtu anayehama, ilhali baharia mkongwe aliyekwishafika Maskati mara nyingi hushuka jahazini na kifurushi kimoja kwapani. Kanuni hii ina ithibati kila mahali, lakini mimi sijapata kuiona ikidhihirika kama ilivyodhihirika katika duka moja la vifaa vya mawindo katika jimbo la Wisconsin, huko Marekani, pale shemeji yangu alipoazimia kununua shanta la kuendea kuwinda kulungu wa mkia mweupe.

Katika jimbo hilo, ambamo mimi na ahali zangu tumejaaliwa kupata riziki, msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki hufunguliwa Jumamosi inayotangulia Sikukuu ya Shukrani ya mwezi wa Novemba, ukadumu siku 9, na watu zaidi ya laki tano hukata leseni, madaktari kwa mafundi bomba, wake kwa waume. Mwanzoni mwa karne ya ishirini kulungu hao walikuwa karibu kutoweka, kwa sababu nyama na ngozi zao ziliuzwa sokoni bila kiasi, na yamkini katika Marekani nzima walisalia nusu milioni tu. Zikatungwa sheria, mojawapo ile ya Lacey ya mwaka 1900 iliyopiga marufuku kuvusha mipaka ya majimbo nyama iliyowindwa kwa magendo, na leo wanakadiriwa kuwa milioni 30, wanakula mahindi ya wakulima na maua ya bustani za watu pasipo kubisha hodi. Hivyo mwenyeji wetu, mzee aliyestaafu ufugaji wa ng'ombe wa maziwa, ambaye shamba lake limo katika vilima vya kusini-magharibi ambavyo barafu za kale hazikufika kuvisawazisha, alitualika kwa ukarimu, lakini pia kwa haja.

Shemeji, ndugu wa mke wangu, mzaliwa wa Mji wa Kale wa Mombasa na mkazi wa Minneapolis, ni karani wa hesabu mwenye heshima zake, ambaye hajapata kununua kitu kidogo maadamu kikubwa kipo. Muuzaji, kijana mwenye ndevu za kuwatosha watu wawili, alimwuliza atakaa porini siku ngapi. Shemeji, ambaye alikusudia kurudi kwa chakula cha usiku, alitafakari kidogo, akajibu kwa sauti nzito: "Itategemea." Kwa neno hilo moja alijifungulia mlango wa ghala zima.

Likaletwa shanta la lita 80, lenye fremu ya chuma chepesi, ukanda mpana wa kiunoni, mikanda ya kifuani, mikanda ya kukazia mikanda, na mifuko ya nje mingi kiasi kwamba muuzaji mwenyewe, alipokuwa akiionyesha, aliusahau mmoja akarudi kuuomba radhi. Kati ya fremu na mfuko mkubwa palikuwa na nafasi ya kubebea nyama: mtu hulegeza bizimu, huutenga mfuko na fremu, hupakia paja la mnyama katikati, kisha hukaza tena na kushika njia. Fremu za namna hii zina nasaba njema. Katika miaka ya 1920 Lloyd Nelson wa jimbo la Washington alieneza ubao wake wa kubebea mizigo uliojulikana kama Trapper Nelson, na mwaka 1952 Dick Kelty wa California akaanza kuuza mashanta ya fremu za alumini, ambayo wapanda milima waliyapokea kwa shangwe. Lakini nasaba hiyo yote ni ya milimani. Huko magharibi, katika safu za Rocky, huwindwa elk, jamaa yake kulungu aliye mkubwa zaidi, ambaye dume lake laweza kupita kilo 300, na akianguka mbali na barabara hapana budi akatwe vipande na kubebwa mgongoni, kilima baada ya kilima. Kulungu wa mkia mweupe wa Wisconsin huanguka nyuma ya zizi la ng'ombe. Dume aliyekwisha kutolewa matumbo hufika kilo 60 au 70, na watu humfunga kamba wakamburura mzima mzima hadi kwenye gari.

Nilimnong'oneza shemeji maneno haya mbele ya muuzaji, kwa adabu, nikamwonyesha shanta dogo la lita 25 lililokuwa limetundikwa pembeni, la kutosha kisu, kamba, tochi, glavu, maji na chakula cha mchana. Alilitazama kwa huruma. "Shemeji," akasema, "akiba haiozi." Akalipa.

Wajuzi wa jambo hili husema kwamba shanta la mawindo lichaguliwe kwa sikio kabla ya jicho, kwani kulungu ana masikio mawili yanayogeuka kila moja kwa shauri lake, na kitambaa cha nailoni kikisuguana na tawi katika baridi ya alfajiri husikika mbali sana. Mzee mwenyeji wetu alitufundisha mtihani ulio mwepesi: vaa glavu, fumba macho, kisha fungua na kufunga kila zipu na kila bizimu kwa mkono mmoja; ukisikia mlio, kulungu alikwisha kuusikia zamani. Na aliuchukia kuliko vyote ule utepe wa kunata unaochanika kwa mlio wa nguo mpya, akasema kuwa aliyeubuni bila shaka alitumwa na kulungu. Shanta la shemeji lilikuwa na utepe huo kwenye mifuko yote ya mbele. Dukani hatukuutambua, kwa maana dukani palikuwa na muziki, na penye muziki kila shanta ni kimya.

Baada ya sikio huja pua. Wawindaji wa huko hufua nguo zao kwa sabuni isiyo na harufu, wakazianika nje, na wengine huzihifadhi kwenye sanduku pamoja na majani makavu ya msituni, ili kulungu akivuta hewa asinuse ila msitu wake. Mke wangu, ambaye hakupewa habari hizi kwa wakati, aliliona shanta limesimama sebuleni usiku wa kuamkia safari, likinuka mpira na ghala, naye ni mwanamke aliyelelewa katika nyumba ambamo hata mto wa mgeni hautandikwi kabla ya kufukizwa. Akawasha makaa, akaweka udi na ubani katika chetezo, akalifunika shanta juu yake kwa shuka, akalifungua mfuko mmoja mmoja ili moshi uingie hadi ndani, kisha akatia sambusa, mahamri, mbaazi za nazi katika bakuli lenye kifuniko, na chupa ya chai ya iliki na tangawizi. Kaka yake alipomwambia kwa upole kwamba kulungu hupenda harufu ya majani, alijibu: "Kulungu atanusa mnachonuka. Mimi sitaki mwenyeji wenu anuse stoo." Hapakuwa na kadhi wa kuihukumu kesi hiyo.

Tulipofika kabla ya alfajiri, mzee alisimama ubavuni mwa gari, akavuta pumzi, akanyamaza muda mrefu kuliko ada yake, kisha akauliza kama tumepitia kanisani. Yeye mwenyewe alikuwa na mkoba wa turubai uliopauka, wenye mfuko mmoja na kamba moja, ambao ubavuni mwake alikuwa amebandika namba yake ya zamani, mojawapo ya zile namba ambazo wawindaji wa Wisconsin walilazimishwa kuzivaa mgongoni mpaka sharti hilo lilipofutwa mwaka 2016. Alilizunguka shanta la shemeji, akalipa taadhima linayostahili, kisha akatoa kitambaa cha rangi ya chungwa akakifunga juu yake. Sheria ya jimbo hutaka angalau nusu ya nguo ya nje, kuanzia kiunoni kwenda juu, iwe ya chungwa kali au ya waridi kali, ili binadamu asidhaniwe mnyama. Na shanta kubwa lenye picha za majani likiifunika fulana ya mgongoni, anayetazama kutoka nyuma haoni mtu, aona kichaka kinachokwenda haja zake. Kwa sababu hiyo hiyo alimpokonya shemeji leso yake nyeupe. Kulungu akishtuka huinua mkia, na weupe wa chini yake hung'aa msituni. Si busara mtu kupenga kamasi kwa kitu kinachopepea kwa weupe huohuo mbele ya majirani wenye bunduki.

Mimi na shemeji tulipewa dungu la watu wawili, lililofungwa kwenye mti wa mwaloni, lenye ngazi ya chuma. Tulivaa mikanda ya usalama, tukapanda, kisha tukavuta kwa kamba bunduki zisizo na risasi, kama ilivyo kanuni. Zikapanda kwa staha. Shanta halikupanda kwa staha. Lilikwama chini ya kidato cha tatu, likajizungusha, likakwama chini ya cha tano, likagonga ngazi kwa mlio wa kengele ya shule, na lilipofika juu ikaonekana kwamba dungu la watu wawili ni la watu wawili. Likawekwa mapajani mwetu, nusu kwake, nusu kwangu, nasi tukakaa nyuma yake mfano wa wauza duka wasiokuwa na wateja.

Jua lilichomoza. Baridi ilikuwa ile ambayo mtu wa pwani huihisi kwenye meno. Baada ya saa nyingi za subira, akatokea jike pembezoni mwa miti, akasimama, akainua kichwa. Upepo ulitoka kwetu kwenda kwake, nao ulikuwa umebeba udi, ubani, iliki na nazi. Naapa kwamba hakukimbia mara moja. Alinyoosha shingo, akatikisa pua, akakanyaga chini kwa kwato moja, tha, akangoja, akakanyaga tena. Kwa kadiri nilivyoweza kumsoma, alikuwa akijiuliza ni arusi ya nani. Hapo theluji ikaanza kudondoka, na shemeji, aliyetishwa zaidi na hatari ya kulowa kwa mahamri kuliko na fursa iliyosimama mbele yake, alipeleka mkono taratibu kwenye mfuko wa mbele, akavuta. Ule utepe ukachanika, kwaruuu, akatoa kifuniko cha mvua cha shanta, nacho kilikuwa cha buluu. Macho ya kulungu hayaioni vyema rangi nyekundu wala ya chungwa, na ndiyo maana wawindaji huvaa chungwa bila wasiwasi. Lakini buluu huiona barabara. Katika msitu mzima wa kijivu na kahawia tulikuwa tumetandaza bendera. Jike alipuliza pumzi puani, fyuu, akainua mkia wake mweupe, akatuaga.

Tukafungua bakuli. Mbaazi zilikuwa zimeganda pembezoni, lakini sambusa zilikuwa na ladha ambayo sijaipata ardhini. Adhuhuri tuliteremka, tukaswali juu ya mswala ambao, kwa insafu, lazima niseme ulitoka katika mfuko wake maalumu bila ya kukunjika. Na kwa kuwa majira hayo jua huko hutua karibu na saa kumi na nusu, Alasiri nayo haikukawia.

Jioni ukasikika mlio mmoja wa bunduki upande wa pili wa bonde. Mzee alikuwa amempata dume. Tulipomfikia alikwisha kumsafisha kwa kisu kilichotoka katika ule mkoba wa mfuko mmoja, na alikuwa akimfunga juu ya sleji ya plastiki ya watoto, ya kuchezea thelujini. Shemeji alipiga hatua mbele, akalegeza bizimu, akaanza kuonyesha jinsi mfuko unavyotengana na fremu. Mzee alisikiliza maelezo yote kwa heshima. Kisha akamwona shemeji anavyohema, kwa kuwa shanta lile, pamoja na akiba isiyooza, lilikuwa limemlemea tangu asubuhi, akalichukua mgongoni mwake, akaliweka juu ya tumbo la kulungu, akalikaza kwa kamba, akaanza kuvuta. Hivyo shanta lililonunuliwa ili limbebe kulungu lilibebwa na kulungu hadi nyumbani.

Natoa nasaha kwa yeyote atakayekwenda kununua shanta la kazi hii: asimwambie muuzaji ndoto zake, amwambie umbali wa kutoka mlangoni hadi kwenye dungu. Muuzaji huuza safari, na kila safari anayoiuza ni ndefu, ina theluji, na ina mlima. Mnunuzi ndiye peke yake anayejua kwamba mwisho wa safari yake unaonekana kutoka dirisha la jikoni.

Shemeji hakulirudisha dukani. Anaishi katika nyumba ya ghorofa, karibu juu kabisa, na lifti yao huharibika mara kwa mara. Nilipomzuru baadaye nilimkuta akipandisha ngazi gunia la mchele la kilo 20 alilonunua kwa Wasomali, limekaa baina ya fremu na mfuko, mikanda imekazwa kiunoni na kifuani, uso umetulia, hatua zinafuatana, na jirani wawili wamesimama kando kumpisha. Alinipita bila ya kutweta. "Shemeji," akaniambia, "yule muuzaji hakunidanganya. Alikosea mlima tu."