Kabati la Vyombo Linataka Taa: Nane Kutoka Mkiani Hadi Kileleni

Sebule ya Ngara isiyo na kabati la vyombo ni sebule inayolisubiri. Nyuma ya vile vioo ndiko zinakokaa sahani ambazo hata baba mwenye nyumba hajawahi kulia, chupa ya chai yenye maua, picha ya harusi, kibuyu cha bibi, na kikapu chenye kifuniko cha ncha walichokisuka Wahangaza au Washubi wa hapo hapo. Mchana mambo safi. Saa moja jioni ikifika, mgeni anageukia kabati na kuuona uso wake mwenyewe kwenye kioo. Kizuri chajiuza, sawa, lakini gizani hakina mnunuzi.

Utaniambia: jirani, vuta umeme. Umeme kweli upo, na nafurahi upo. Pale Nyakanazi, wilaya ya Biharamulo, kuna kituo cha kupoza umeme chenye njia ya kilovolti 220 kutoka Geita, na Rusumo kwenye mto Kagera kuna mitambo ya megawati 80 ambazo Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana. Kwa miji iliyoishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli, hiyo ni hatua kubwa. Ila kutoboa mgongo wa kabati la mninga kwa ajili ya waya, halafu kila sikukuu ulisogeze kupisha viti vya wageni? Fundi seremala atalia, na mimi nitamsaidia. Nyumba nyingi za vijijini nazo zina sola ya taa chache na tundu la kuchajia simu, basi. Hapo taa ya betri inapata kazi yake halali. Tuhesabu kwa kushuka, tuanze na ya mkiani.

8. Kibatari, mshumaa na ukoo wao wote
Moto, vitambaa vya kufuma, mbao zilizopigwa vanishi na kioo, vyote ndani ya boksi moja. Hapana. Inayofuata.

7. Vishumaa bandia vya betri ya kitufe
Vinapendeza, vinachezacheza kama moto wa kweli, na harusini vinafaa sana. Bibi harusi anavipenda. Mtoto wa miaka miwili anavipenda zaidi, na hapo ndipo ninapoweka mguu chini. Ile betri bapa iliyoandikwa CR2032 mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaanza kuunguza nyama ya koo ndani ya saa mbili. Ikitokea, usingoje mpaka asubuhi, kimbiza hospitali. Tena ujazo wake ni kama milliampea-saa 220 tu, kwa hiyo jioni ndefu za mvua zinaimaliza mapema. Kama ni lazima uvinunue, chukua vile ambavyo mfuniko wa betri umefungwa kwa skrubu.

6. Nyuzi za vitaa vinavyobadili rangi
Krismasi, Idi, ubarikio wa kijana: ruksa. Siku nyingine zote, hapana. Picha ya babu ikiwa kijani, mara nyekundu, mara buluu, wageni hawaulizi tena habari za babu. Wanauliza muziki unaanza saa ngapi. Uzi wenye rangi moja ya manjano, usiomemeteka, naupandisha daraja, alimradi kiboksi chake kiwe cha betri nene za AA na kifichwe nyuma ya sinia.

5. Kazi ya fundi redio
Hii naiheshimu. Fundi anachukua vitaa vya tochi iliyokufa, anavipanga kwenye kipande cha mbao, anaunga betri kubwa tatu za redio, na kabati linawaka. Ni watu wa aina hii waliozifanya redio za Ngara zisikose Radio Kwizera tangu ilipoanza 1995. Betri kubwa zina ujazo mwingi, na kwa vitaa vidogo zinadumu kweli kweli.

Tatizo lake linaanza pale betri zinapochoka na mama mwenye nyumba akazianika juani. Jua haliichaji betri upya: joto linachochea tu kemikali zilizobaki, unapata muda mfupi wa nyongeza. Kwenye redio iliyo juu ya stuli, sina neno. Kabatini, betri iliyoanikwa inavuja, na ule uji wake ukigusa vanishi hautoki, ukigusa picha ya harusi unamla bwana harusi. Betri ya kuanikwa na kabati la wageni wasikutane.

4. Taa za duara za kubandika
Hizi zimejaa madukani: unaigonga kidogo, inawaka. Ndani kuna betri tatu nyembamba za AAA. Piga hesabu na mimi. Betri nzuri ya alkali ya saizi hiyo inabeba karibu milliampea-saa 1,000, na taa ikila milliampea 80 unapata kama saa 12. Ukiwasha saa tatu kila jioni, jioni nne kwisha. Una taa tatu kabatini? Hapo ni betri tisa kila baada ya siku nne, na muuza duka ataanza kukuita mkwe.

Tafuta zinazotumia AA, ujazo ni zaidi ya mara mbili na bei ya betri haipishani sana. Na ile gundi yake usiiamini. Vumbi jekundu la Biharamulo likishalala kwenye mbao, gundi haishiki kitu, taa inaanguka usiku juu ya glasi na nyumba nzima inaamka. Futa ubao kwa kitambaa chenye spiriti, uache ukauke, ndipo ubandike.

3. Taa ya mche yenye sensa
Ukipita, inawaka. Ukiondoka, inazima baada ya sekunde ishirini hivi. Kwenye kabati la nguo au la unga ni malkia. Betri ya kuchaji inayotoa saa sita za mwanga mfululizo, ukiigawa kwa dakika kumi kila siku, inakufikisha kama mwezi.

Kabati la vioo ndilo linaloiangusha. Sensa hizi zinasikia joto la mwili, na miale ya joto hilo haipenyi kioo. Mgeni atasimama mbele ya kabati, atainama, atapunga mkono, taa kimya. Wauzaji hawakuambii hili, kwa hiyo nakuambia mimi: sensa nyuma ya kioo ni mlinzi aliyefungiwa ndani.

2. Taa ya sola yenye paneli yake
Inakosa ushindi kwa pua tu. Haina gharama ya betri, haina safari ya kuchaji. Watu wengi wanaegemeza paneli dirishani halafu wanalalamika. Ngara iko chini ya digrii tatu kusini mwa ikweta, jua la adhuhuri linapita karibu na utosi, na dirisha chini ya upenu wa bati linaambulia makombo. Paneli ipande batini, iinamishwe kidogo ili mvua iioshe. Kilichoinyima taji ni ule waya wa kutoka paani hadi kabatini, tulioukimbia tangu mwanzo.

1. Taa ya mche ya kuchaji, ya sumaku, yenye mwanga wa manjano
Hii hapa. Kibati chembamba kinabandikwa au kupigwa skrubu kwenye mbao, taa inanaswa kwa sumaku, ikiisha unaivua na kuipeleka chaji kwa waya ule ule wa simu. Chukua yenye kupunguza mwanga, na kama ina rimoti ni bora zaidi, maana mwale wa rimoti, tofauti na joto la mwili, unapenya kioo. Betri ya milliampea-saa 1,200 kwa taa inayokula 200 ni saa sita. Punguza mwanga nusu, unakaribia kumi na mbili.

Sasa rangi, na hapa siwezi kuharakisha. Mwanga mweupe wa LED unatoka kwenye kitaa cha buluu kilichopakwa unga wa manjano, na kukipata hicho cha buluu kulikuwa kugumu kiasi kwamba Akasaki, Amano na Nakamura walipewa Nobel ya fizikia mwaka 2014. Taa za bei ya chini zinaacha buluu nyingi: boksi litasema 6500K. Chini ya mwanga huo kibuyu cha kahawia kinakuwa kijivu na sebule inafanana na duka la dawa. Tafuta 2700K hadi 3000K, na kama boksi limeandika CRI 90, wekundu wa chungu na wa ukili uliotiwa rangi utauona ulivyo. Kabla ya kulipa, hata kama ni kwenye meza ya barabarani pale Nyakanazi na basi linapiga honi, washa taa uielekezee kamera ya simu. Ukiona mistari inatembea kwenye kioo cha simu, taa hiyo inapepesa, irudishe mezani.

Kuipachika: juu, upande wa mbele, nyuma ya fremu ya mlango, ikimulika kuelekea mgongo wa kabati. Ukiiweka mgongoni inampiga mgeni machoni na vyombo vinabaki vivuli. Rafu za kioo zinashusha mwanga hadi chini kwa taa moja, za mbao kila moja inadai yake. Fedha ikitosha taa moja tu, ipe rafu iliyo usawa wa macho ya mgeni aliyeketi, upange kikapu na kibuyu hapo. Sahani za kila siku zishuke rafu ya chini gizani, hazina wivu.