Namna ya Kuwasimamia Vibarua Usiowaona

Kama una shamba Rungwe, Mufindi au Kilolo na unatamani parachichi la Hass, jua kwanza kwamba kazi ya kubebesha mche si yako. Wewe ni msimamizi tu. Wafanyakazi ni seli: hawadai posho wala hawaombi ruhusa ya msiba, ila wana masharti yao, na ukiyapuuza watakuachia kijiti kikavu.

Usianze kwa kufukia kokwa. Wengi wamefanya hivyo, wakangoja miaka, na mti ukawapa tunda lisilofanana na lile walilolila. Kokwa lina wazazi wawili: kromosomu 12 kutoka huku, 12 kutoka kule. Seli ya kikonyo, yaani kijiti cha Hass unachokibebesha kwenye mche, haina habari za ndoa. Inanakili kromosomu zake zote 24, inazivuta pande mbili, inajenga ukuta katikati, na tayari ni seli mbili zilizo sawasawa. Kwa njia hiyo mti mmoja uliopandwa California miaka ya 1920 na Rudolph Hass, msambaza barua aliyeupatia hataza mwaka 1935, umefika hadi Tukuyu. Mti wenyewe ulikufa mwaka 2002. Seli zake zingali zikigawanyika kwenye miteremko ya Mlima Rungwe, na jambo hilo hunishangaza kila ninaposhika kikonyo.

Sasa kisu, tena kikali na safi. Chukua mche wa kienyeji wenye unene wa penseli, ukate kichwa, upasue katikati. Chonga kikonyo kama kabari. Kisha tazama kwa makini pale ulipokata: chini tu ya gome kuna mstari mwembamba, wenye unyevunyevu. Ndiyo kambiamu. Seli nyingi za shina zimekwisha kujipangia kazi. Hizi za mstari huu bado ziko tayari kugawanyika. Kambiamu ya kikonyo lazima iguse kambiamu ya mche, walau upande mmoja. Kikonyo kikiwa chembamba, kisogeze pembeni. Ukikiweka katikati ili kipendeze, umepamba maiti.

Kaza mkanda wa nailoni, vika kifuko, weka kivulini, ondoa mkono. Wapo mafundi, na ninawalaumu waziwazi, ambao kila asubuhi hufungua waone kama imeshika. Wanachana daraja linalojengwa! Ndani ya siku chache seli zilizo kandokando ya jeraha hugawanyika na kutoa nyama laini, nyeupe, ya kuziba pengo. Baadaye ndipo zinapogawana kazi. Zilizokaa kati ya kambiamu mbili hugeuka kambiamu mpya, nayo hutoa zailemu upande wa ndani na floemu upande wa nje.

Hapa pana jambo ambalo kila mwenye kitalu angepaswa kulijua. Seli ya zailemu hukaza kuta zake, halafu hufa. Vilivyomo ndani huyeyuka, linabaki bomba tupu. Maji yanayopanda kwenye kikonyo chako hupita ndani ya seli zilizokufa zikiwa kazini. Mwenzake wa floemu, anayebeba sukari, hubaki hai lakini hupoteza kiini chake. Ndugu zangu, mche wa kitaluni una mambo makubwa kuliko unavyoonekana.

Baridi ya Juni na Julai hupunguza kasi ya kazi yote hii. Subiri.

Halafu mavuno. Matunda mengi hugawanya seli kwa muda mfupi baada ya ua, kisha seli hizo hutanuka tu. Parachichi huendelea kugawanya seli likiwa limening'inia mtini, huku zikijaa mafuta taratibu, wala halilainiki mpaka lichumwe. Kwa hiyo ukubwa wake usikudanganye. Ukilichuma changa kwa sababu dalali amesimama shambani na fedha mkononi, umewafukuza vibarua kabla hawajamaliza: tunda litasinyaa, litakuwa kama mpira, na mnunuzi hatalisahau jina la wilaya lilikotoka.

Dalali akija mapema, mwambie arudi.