Tufaa Bichi kwa Mbali

Nipo ndani ya treni ya umeme kurudi Dar es Salaam, gazeti nimelifunulia usoni, kwa sababu viti vichache mbele yangu amekaa bwana mmoja wa miwani ambaye jana alinisikia nikiyasifia maji. Maji ya bomba. Niliyasifia kwa ufasaha, tena kwa sauti.

Ilikuwa kwenye kiwanda kidogo cha mvinyo nje ya mji wa Dodoma. Wageni tulikaa mezani kuonja Chenin Blanc, mvinyo mweupe wa zabibu za aina moja, usiochanganywa na kitu. Binti mwenyeji alituelekeza: shika glasi kwenye mguu wake, izungushe, nusa, vuta funda dogo pamoja na hewa, kisha sema umepata nini. Bwana wa miwani alipata limau. Mama mmoja wa Arusha alipata asali. Zamu yangu ikafika, na mbele yangu palikuwa na glasi mbili, sare moja. Nikainua moja, nikazungusha, nikafumba macho.

"Tufaa bichi," nikasema, "kwa mbali. Halafu majani yaliyonyeshewa. Na mwishoni unakuja ukali fulani hivi, wa mawe."

Bwana wa miwani aliandika kwenye daftari. Binti akasubiri nimalize, maana amelelewa vizuri.

"Samahani mzee wangu. Hayo ni ya kusuuzia."

Sasa, mvinyo huo ukiwa mchanga karibu hauna rangi. Ni nani aliyeamua maji yakae kwenye glasi ileile? Kikombe cha plastiki kingetosha. Mama wa Arusha alicheka mpaka akaomba leso.

Nilikimbilia shambani, kwa mzee mmoja wa Kigogo aliyekuwa na mkasi wa kupogolea, na huko, kwa kweli, aibu ilinitoka. Ulaya baridi huulaza mzabibu, ukaamka mara moja kwa mwaka na kuzaa mara moja. Dodoma hakuna baridi ya namna hiyo, kwa hiyo anayeuamsha ni mkasi. Mzee hukata matawi, huacha macho machache tu, humwagilia, na baada ya miezi kama minne anavuna. Mzabibu unapumzika kidogo, mkasi unarudi. Ndiyo maana kuna mavuno ya kuelekea Machi na mengine ya Agosti na Septemba, na haya ya kiangazi ndiyo yenye sukari zaidi, kwa sababu hayalowi mvua. Tatizo la nchi ya jua ni kwamba joto hula uchachu wa zabibu, na mvinyo mweupe usio na uchachu unapoa mdomoni. Chenin, iliyotoka bonde la Loire huko Ufaransa, ina uchachu wa kutosha kuliwa na bado ukabaki. Ningeweza kumsikiliza mpaka jioni.

Ila alipofika kwenye soko, sauti yake ilibadilika. Wanunuzi wakichelewa, zabibu haisubiri. Inaozea pale pale juu ya mti, mbolea na dawa zikiwa zimeshalipiwa. Wamisionari wa Bihawana, hukohuko Dodoma, walipanda mizabibu miaka ya 1950 kwa ajili ya divai ya misa, na leo mtu mwenye mavuno mawili kwa mwaka analala hajui atamuuzia nani.

Kati ya chupa mbili nilizonunua, moja ilivuja begini. Kizibuo nilichoazima kilikatikia ndani ya kizibo cha ile ya pili.

Usiku, kwenye hoteli yangu, katikati ya mji uleule, niliomba mvinyo mweupe wa Dodoma. Mhudumu akaniletea orodha: Chenin Blanc ipo, ya Afrika Kusini, kwa bei ya kunitoa jasho.

"Ya hapa?"

"Ya hapa hatuweki, mzee. Wateja hawaulizii."

"Mimi si nimeuliza?"

Akanitazama kwa huruma. "Wewe ni mmoja, mzee."