Barua ya Wazi kwa Afisa wa Viza Aliyeniambia Nirudi Kwetu

Kwa Mheshimiwa Afisa wa Viza,
Dirisha la Pili,
Ubalozi (jina nimelisitiri kwa heshima),
Kampala.

KUH: OMBI LA KWENDA KUTALII SCHENGEN

Mheshimiwa,

Salamu nyingi kutoka Malakisi. Nimefika salama. Uliniagiza nirudi kwetu nikaombee viza huko, nami ni mtu wa kutii serikali, hata isiyo yangu. Tangu asubuhi nazunguka nikitafuta ubalozi wenu. Stendi ya bodaboda ipo, maduka ya mbolea yapo, bendera yenu ndiyo sijaiona. Kama mko, tafadhali mtume mtu anipungie mkono.

Najua, uliposema kwetu ulikuwa na maana ya Nairobi. Lakini Nairobi iko zaidi ya kilomita 400 kutoka hapa, na Kampala ni kama 300 hivi. Mimi hupanda bodaboda hadi mpakani Lwakhakha, nikavuka daraja, nikagongewa muhuri, na kabla ya chakula cha mchana niko Mbale kwa shemeji zangu. Tangu 2014 Mkenya anaingia Uganda kwa kitambulisho tu. Ulipoulizia kibali changu cha ukazi wa Uganda nilikosa la kusema. Nani anaomba ukazi mahali anapokwenda kula na kurudi?

Halafu kuna jambo la 1902. Hadi mwaka huo, huku kwetu kote kulihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Waingereza wakaukata mkoa huo, wakauunganisha na nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Watu wa hapa walihamishwa nchi wakiwa wamelala, bila fomu wala picha mbili za pasipoti. Ungekuwa dirishani mwaka 1901, Mheshimiwa, ungenipokea kama mwenyeji.

Sheria yenu ya viza nimeisoma pia, ile nambari 810 ya mwaka 2009, usiku ambao umeme haukupotea. Kifungu cha 6 kinataka mtu aombe viza mahali anapoishi kihalali. Lakini hapo hapo kuna mlango wa uani: ubalozi unatakiwa kumpokea mtu aliyeko nchini kihalali ingawa si mkazi, mradi aeleze kwa nini anaombea hapo. Maelezo yangu yalijaza ukurasa mzima. Uliusukuma chini ya kioo kwa kidole kimoja, ukanirudia umekunjika pembe, na kabla sijaunyoosha ulikuwa umeshamwita mwingine.

Si wewe peke yako, nakiri. Marekani nao walitangaza tarehe 6 Septemba 2025 kwamba anayetaka viza ya matembezi akafanyiwe usaili katika nchi ya uraia wake au anakoishi, na ada ikishalipwa hairudi. Wala usidhani naipendelea serikali yangu. Desemba 2023 Rais Ruto alitangaza kuwa wageni hawatahitaji viza tena kuja Kenya. Kufika Januari wageni wakakuta kibali cha mtandaoni cha dola 30, cha kuombwa kabla ya safari. Wakubwa mnafundishana.

Uliniuliza, kwa sauti ya kumuuliza mwizi, kwa nini mtu wa Malakisi anataka kwenda Schengen, tena kijiji chenyewe. Sababu ni hii. Kijiji hicho kiko Luxembourg, ukingoni mwa mto Moselle, mahali Luxembourg, Ujerumani na Ufaransa zinapokutana. Tarehe 14 Juni 1985 nchi tano zilitia saini ndani ya meli iliyotia nanga pale, zikakubaliana kuondoa ukaguzi mipakani ili watu wavuke bila kusumbuliwa. Mimi nimezaliwa karibu na mto ulio mpaka, nina jamaa pande zote mbili. Nilitaka kuwaona wenzangu waliofaulu. Nilidhani mngefurahi.

Badala yake ukanieleza kwamba hata Nairobi nijiandae, maana wasiwasi mkubwa ni kama nitarudi. Naam. Nikiwa safarini mnanituma nyumbani. Nikiwa nyumbani mnataka ushahidi kwamba ninako.

Ushahidi wangu ulikusumbua, niliona. Shamba ninalolima bado lina jina la marehemu babu, na ndugu hawajamaliza mambo ya urithi. Taarifa ya benki inaonyesha pesa zikiingia Ijumaa na kutoka Jumamosi, kwa sababu akiba iko kwenye chama, kwenye Sacco na zizini. Barua ya chifu, yenye muhuri wa zambarau uliovuja kidogo, hukuigusa kabisa.

Basi niongeze hili. Sisi Wabukusu tunatahiri vijana wetu Agosti, kila baada ya miaka miwili, na 2026 ni zamu ya mwanangu. Atabeba chinyimba, zile kengele za chuma, akizipiga nyumba hadi nyumba kuwaalika jamaa, wakiwemo wa ng'ambo ya mpaka. Wagisu wa upande huo wa Uganda nao wanatahiri mwaka huo huo, na hakuna anayeulizwa salio kabla ya kupewa nyama. Alfajiri ya siku yenyewe atatoka mtoni akiwa amepakwa matope mwili mzima, watu wakimsindikiza kwa nyimbo, na baba yake lazima awe uani. Baba akikosekana kwa sababu yuko Ulaya anaosha sahani, ataimbwa hapa Malakisi mpaka wajukuu wake waote mvi. Fomu yenu ina nafasi ya mwajiri, na hoteli mnaitaka. Kwa jambo hili haina hata mstari mmoja.

Lakini mna sharti la bima ya euro 30,000, ambayo inapaswa kulipia hata gharama za kunirudisha nikifa. Hapo nilitulia. Kumbe nikifa hamna shaka yoyote kuhusu nia yangu ya kurudi.

Nimebakiza jambo moja la ofisi. Kifungu cha 18 cha sheria yenu ile kinasema ubalozi usiohusika na ombi urudishe stakabadhi pamoja na ada. Stakabadhi ninazo. Ada, euro 90 tangu mlipoipandisha Juni 2024, ambazo kwetu ni zaidi ya shilingi elfu kumi na tatu, bado haijavuka mto. Kama kuituma Kenya kuna utaratibu mrefu, mpe shemeji yangu wa Mbale. Atakuja nayo jioni hiyo hiyo, na kitambulisho chake anacho.

Wako mtiifu,
Mwombaji,
Malakisi, Kaunti ya Bungoma.

Nakala: Chifu, anayeuliza kila tukikutana kama muhuri wake ulisomeka.