Tuzo ya Paundi Tano

Mwanangu alinipigia simu kuniambia kwamba Ijumaa kuna onyesho la waimbaji washindi wa tuzo, katika ukumbi mmoja katikati ya London, na kwamba yeye ndiye atakayewapigia piano. Simu ilikuwa inakwaruza, lakini neno "tuzo" lilinifikia zima. Na mtu wa Tanga ukimtajia mwimbaji na tuzo kwa pumzi moja, mkono wake unakwenda wenyewe kwenye mkoba.

Nieleze kwanza, maana msomaji asiyejua taarabu anaweza kunihukumu bure. Nimekulia mji wa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star. Kwetu ubeti ukikugusa, hukai. Unainuka, lakini si kwa pupa. Unatengeneza mtandio, unatembea kwa madaha, mabega yakifuata fidla, mpaka mbele. Noti unaiinua kidogo ili aliyekusudiwa aione, maana mara nyingi noti ni ya mwimbaji lakini ujumbe ni wa yule jirani aliyekaa safu ya tatu akijifanya hakujui. Kisha unaiweka mkononi mwa mwimbaji na kurudi ulikotoka bila kugeuka nyuma. Mwimbaji hakatizi wimbo. Asipotuzwa ndipo anapoanza kujiuliza amekosea wapi.

Huyo ninayemwita mwanangu ni binti wa mdogo wangu, na mimi kwake ni Mamkubwa. Nilikuwa London kumwuguza mama yake aliyefanyiwa upasuaji wa goti. Siku ya Ijumaa mgonjwa alibaki kwenye kochi na goti lake, akaniusia nisimwaibishe mtoto. Nikamwambia nimeanza kwenda kwenye taarabu yeye akiwa bado anabebwa mgongoni.

Tatizo la kwanza lilikuwa chenji. Uingereza noti ndogo kuliko zote ni paundi tano. Chini ya hapo ni sarafu, na kwa sarafu hatuzwi mtu, utamtoboa jicho. Nikavunja noti ya ishirini dukani, nikapata nne za tano. Noti zenyewe tangu mwaka 2016 ni za plastiki. Ukiikunja, inajikunjua. Ukiibana kwenye kiganja, inateleza kama dagaa aliyetoka majini.

Tatizo la pili lilikuwa udi. Nilivaa gauni langu la kumeta, mtandio wa rangi ya dhahabu na bangili sita mkono wa kulia, nikaweka kipande cha udi juu ya jiko la umeme ili nijifukize kidogo. Kumbe kwenye dari la jikoni kuna kidude cheupe kinachonusa moshi. Kililia kwa sauti ambayo baadaye, baada ya kusikia soprano watatu, nakiri kwamba hakuna aliyeifikia. Mdogo wangu akawa anapiga kelele kutoka kwenye kochi nipunge taulo. Nilipunga taulo robo saa nzima.

Kadi ilisema saa moja na nusu. Kwetu kadi ikisema saa mbili usiku, saa mbili ndipo watu wanapotafuta pasi. Nilifika saa moja na dakika thelathini na sita, nikijiona nimewahi, nikakuta mlango umefungwa. Mhudumu mmoja mzee, koti jeusi, aliweka kidole mdomoni. Nikamwonyesha tikiti. Akaniashiria kwamba wimbo umeanza, na mlango haufunguliwi mpaka uishe. Basi nikasimama pale na udi wangu, nikisikiliza kupitia tundu la kitasa kama mtoto anayenyemelea mazungumzo ya wakubwa.

Wimbo ulipoisha niliingizwa. Kiti changu kilikuwa katikati ya safu. Watu kumi na mmoja walisimama mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja bangili zangu zilimwamkia.

Nilipokaa nikatafuta maikrofoni. Hakuna. Spika hakuna. Nikadhani umeme umekatika, lakini taa zilikuwa zinawaka. Mwanangu alikuja kunieleza baadaye kwamba waimbaji wa muziki wa kiklasiki hawatumii vyombo hivyo. Wanafundishwa miaka mingi kuikusanya nguvu ya sauti karibu na mitetemo 3,000 kwa sekunde, mahali ambapo okestra haina nguvu sana na sikio la binadamu ni kali. Ndiyo maana mtu mmoja anasikika juu ya wapiga ala sitini. Nikakumbuka kwamba Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarabu, naye kabla ya kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri zake, aliimba barazani kwa koo lake tu. Lakini hilo ni la baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba ukumbi ulikuwa kimya kiasi cha kusikia tumbo la jirani.

Akaja baritoni, kijana mrefu, akaimba "Erlkönig" ya Schubert. Kijitabu tulichopewa kilikuwa na maneno ya Kijerumani upande mmoja na tafsiri ya Kiingereza upande wa pili, na chini kabisa ombi: tafadhali usigeuze ukurasa mpaka wimbo uishe. Hapo ndipo paliponiponza. Wimbo ni wa baba anayekimbiza farasi usiku, mtoto wake kamkumbatia. Mtoto anamwona mfalme wa mizimu anamwita. Baba anasema ni ukungu tu mwanangu, ni majani tu. Schubert aliutunga mwaka 1815, ana miaka kumi na minane, kwa shairi la Goethe, na mwimbaji mmoja anabeba sauti nne: msimulizi, baba, mtoto na jini. Mwanangu pale kwenye piano mkono wake wa kulia ulikuwa unadunda noti zilezile kama kwato za farasi, bila kupumzika, kwa karibu dakika nne. Niliuona mshipa wa shingo yake umesimama.

Mimi nilikuwa nimeshajua ugonjwa. Mtoto yule ana jini, na baba mbishi. Tanga angekuwa ameshasomewa zamani. Lakini je, anapona? Tafsiri iliishia chini ya ukurasa, na mistari ya mwisho iko nyuma. Sikuweza kuvumilia. Nikageuza, kwa mlio wa karatasi uliowafanya watu wa safu ya mbele wageuke. Na huko kwenye wimbo, piano ikanyamaza ghafla, mwimbaji akatua kabla ya maneno mawili ya mwisho, ukumbi mzima umeshika pumzi. Katika ukimya huo, mimi niliyekwisha kusoma, nikasema kwa sauti ya msibani:

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun!"

Nilimtangulia mwimbaji kwa sekunde moja. Ndipo naye akatoa habari kwamba mtoto amekufa, habari ambayo kwa waliojua Kiarabu ilikuwa imeshapitwa na wakati.

Ungedhani ningejifunza. Lakini akaja soprano, msichana mdogo wa gauni la kijani, akaimba wimbo wa Lauretta kutoka Gianni Schicchi, opera ya Puccini ya mwaka 1918. Tafsiri sikuisoma tena, nilikuwa nimeapa kutokigusa kile kijitabu. Sikuhitaji tafsiri. Sauti ilipanda polepole, ikasimama juu kabisa, ikatetemeka kama mtu anayeomba dua ya mwisho. Nikajua ni binti anamlilia baba yake. Nikamkumbuka marehemu baba. Machozi yakaja. Na ubeti ukinigusa, sikai.

Nikainuka. Watu kumi na mmoja wakainuka tena. Kwa taarabu ningekuwa na nafasi, wimbo mmoja unaweza kwenda robo saa, una muda wa kutembea, kuzunguka na hata kubadili nia. Huu hauzidi dakika tatu. Nilipofika kwenye njia ya kati nilikuwa nimeshapoteza moja nzima, kwa hiyo madaha niliyaacha, nikaenda kama mtu anayewahi daladala. Noti juu, mabega yakifanya yawezayo.

Yule binti aliniona. Macho yalimtoka, lakini sauti haikutetereka hata chembe, na hapo nikajua tuzo zake hazikuwa za bure. Mikono yake ilikuwa imeshikana kifuani. Nikaichomeka noti kati ya viganja. Noti ikajikunjua, ikateleza, ikadondoka. Nikaiokota, bangili zikisema yao. Nikaona bora niiweke mahali salama, aichukue akimaliza. Piano ilikuwa karibu, kifuniko chake kimeinuliwa, ukingo wake unang'aa. Nikaiweka pale.

Ikateleza ndani.

Msomaji, noti ya plastiki ikilala juu ya nyuzi za piano, inalia. Kila mwanangu alipogusa noti za chini, piano ilitoa mvumo kama nyuki ndani ya kopo. Aliniangalia mara moja tu. Kisha akaendelea kupiga, nyuki na wote, mpaka mwisho. Yule mzee wa koti jeusi akanishika kiwiko kwa adabu kubwa, ile adabu inayouma kuliko kofi, akanirudisha kitini. Watu kumi na mmoja wakainuka mara ya tatu. Tulikuwa tumeshazoeana.

Wakati wa mapumziko nilimkuta mwanangu ameinama juu ya piano, anaopoa noti kwa vibanio viwili vya nywele.

"Mamkubwa," akasema bila kuinua kichwa, "unajua yule binti alikuwa anaimba nini?"

"Anamlilia baba yake."

"Anamtisha baba yake. Asipomruhusu kuolewa na mvulana anayemtaka, atajitupa mtoni. Na huyo baba baadaye analala kwenye kitanda cha marehemu mmoja ambaye ndugu zake wanagombea mirathi, anajifanya ndiye marehemu, anamwandikisha mwanasheria wosia mpya, na nyumba nzuri anajipa mwenyewe. Ni opera ya kuchekesha."

Nilinyamaza nikafikiri. Binti mwenye vitisho, ndugu wanaogombea mirathi, mjanja anayewazidi wote. "Basi," nikamwambia, "Tanga angetuzwa zaidi."

Akacheka kwa mara ya kwanza usiku ule, akakaa kwenye ngazi ya jukwaa akinyoosha vidole, na akanipa hadithi ya Kathleen Ferrier. Alikuwa mwendesha swichibodi ya simu kaskazini mwa Uingereza. Mwaka 1937 mumewe aliweka dau la shilingi moja kwamba hathubutu kuingia shindano la uimbaji kule Carlisle. Akaingia la kuimba na la piano, akashinda yote mawili. Akawa mmoja wa waimbaji wakubwa wa nchi hii, akafa mwaka 1953, hajafikisha hata miaka arobaini na miwili, na tuzo ya waimbaji vijana yenye jina lake ipo mpaka leo.

"Shilingi!" nikasema. "Kumbe na nyinyi mlianza kwa shilingi."

Sehemu ya pili nilikalia mikono yangu. Nasema kweli, niliiweka chini ya mapaja, bangili nimezivua nimezitia mkobani. Kumbe zamu ilikuwa ya waimbaji wa tamthilia za muziki, zile za Broadway na West End, na dunia ikageuka. Maikrofoni zikatokea. Watu walewale walionikodolea macho kwa kugeuza ukurasa sasa wanapiga makofi katikati ya wimbo, wanapiga vigelegele vya kizungu, mmoja anapiga mluzi kwa vidole. Vijana wawili wakaimba "Hakuna Matata" ya The Lion King kwa Kiswahili cha maneno mawili, na mama wa kushoto kwangu akaniinamia kuniuliza kama kweli kwetu tunasema hivyo. Nikamwambia Tanga tunasema hamna neno, na kwamba maneno hayo mawili Disney walishayasajili Marekani mwaka 2003 kama alama yao ya biashara kwenye fulana. Akanitazama kwa huruma. "Lakini sasa unaruhusiwa kupiga makofi," akaninong'oneza. Sikuthubutu. Nilikuwa mtu pekee aliyekaa kama jiwe.

Baada ya onyesho nilimwendea yule soprano kumwomba radhi. Akasema hana kinyongo. Tangu aanze kuimba, watu waliowahi kuinuka vitini katikati ya wimbo wake walikuwa wanaelekea mlangoni, na mimi ndiye wa kwanza kuelekea upande wake. Nikampa noti yake. Akaikataa. Kwa kuwa piano imeshaimeza mara moja, alisema, ni haki ya mpiga piano.

Nimelifikiri jambo hili sana tangu nirudi, na hukumu yangu ni hii. Wale watu hawakuwa baridi. Walikuwa wanamlipa mwimbaji kwa kimya, kama sisi tunavyomlipa kwa noti, na mimi nilikwenda sokoni na sarafu ya nchi nyingine. Ukialikwa huko, fika mapema, udi uache nyumbani, na uangalie jirani anafanya nini kabla hujainuka. Lakini ukiwa na cha kutoa, usimsahau mpiga piano. Alimpigia mtoto aliyekufa, akampigia binti wa vitisho, akampigia simba, mikono ni ileile, na jina lake kijitabuni liliandikwa kwa herufi ndogo kuliko namba ya simu ya ukumbi.

Usiku ule tulipita kununua samaki na chipsi za watu watatu. Mwanangu akatoa ile paundi tano iliyotoka kwenye nyuzi. Haikutosha, nikaongeza zangu tatu zilizobaki. Hazikutosha nazo, akamalizia mwenyewe kwa noti yake. Zikarudi sarafu mbili, na kwa sarafu, kama nilivyokwisha kusema, hatuzwi mtu.