Wakwe Wawili, Mwembe Mmoja

Kama umewahi kumpokea mama mkwe stesheni, katika hili tutaelewana. Wangu alishuka treni ya Dar hapa Tabora na gunia la nazi, mbuzi ya kukunia, mikeka, mtungi, na mche wa mnazi uliokaa kwenye ndoo tupu ya rangi. Watoto wakamwita Bi Msafara palepale, na jina limemkaa. Zamani mpagazi mmoja alibeba kama kilo 30 kutoka Bagamoyo kuja Unyanyembe, yaani huku kwetu Tabora. Mzigo wa bibi huyu ungetaka wapagazi wanne na nyapara wa kuwasimamia. Ashukuriwe aliyeleta reli Tabora mwaka 1912, maana msafiri Stanley mwaka 1871 alitembea miezi mitatu kufika huku.

Mke wangu ni Mzaramo wa Bagamoyo. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, kwa hiyo kwangu hakuna neno linaloombewa radhi. Na mama yangu mzazi, Bibi Karanga, tunaishi naye hapa Isevya. Kwake yeye kisamvu kisicho na karanga ni majani ya kulishia mifugo. Kwa Bi Msafara, kisamvu kisicho na tui ni chakula cha mgonjwa. Jiko ni moja, mafiga ni matatu, na mimi nakula saa nne usiku.

Mwanangu wa mwisho tunamwita Mirambo, na jina hilo kalitafuta mwenyewe. Mtemi Mirambo aliifunga njia ya Ujiji mwaka 1871, Waarabu wa Tabora wakahangaika na pembe zao za ndovu. Huyu wetu amefunga korido. Anakaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, na hakuna sahani inayopita bila hongo. Bibi Karanga hulipa kwa matobolwa ya viazi, Bi Msafara kwa vipande vya nazi. Mimi hudaiwa sarafu, na hulipa, kwa sababu mama yake akiitwa kuamua kesi huamua upande wa mtoto.

Turudi kwenye mnazi. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya bahari, na kuanzia Mei hadi Oktoba mvua tunaisikia kwa jirani tu. Nilimwomba mke wangu amweleze mama yake kwamba mnazi hautastawi huku, maana mkwe hambishii mkwe. Jibu lililorudi ni kwamba mche unaona baridi. Ukatolewa uani, ukaingizwa sebuleni karibu na dirisha, na kochi likatoka nje kuupisha.

Kisha maembe yakaanza kuiva. Uani tuna mwembe mkubwa ambao marehemu baba aliukuta alipohamia. Usiku mmoja embe likadondoka kwenye bati, nyumba nzima ikaamka, na asubuhi Bi Msafara akalionja akatangaza kwamba mti ule ni wa kwao. Mwembe, alisema, ulikuja Unyamwezi na watu wa pwani. Bibi Karanga akaweka mwiko chini. "Mtani," akamwambia, "na aliyeumwagilia maji miaka yote hii ni nani? Bahari?" Tangu hapo ukiokota embe unaulizwa umeomba ruhusa kwa nani, na ukitaja bibi mmoja, mwingine hakupi chai.

Jumapili nikawapakia wote kwenye gari la kukodi, tukaenda Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi hadi Agosti. Nilitaka wakaone wenyewe jinsi pwani na bara zilivyokaa pamoja. Jambo hili nalipenda kwa moyo wote. Wasafiri Burton na Speke walipofika Kaze, yaani Tabora ya zamani, mwaka 1857 waliwakuta Waarabu wana nyumba, bustani, na vitu vya pwani wakiletewa mara kwa mara. Watu wale walikuwa mbali mno na bahari, wakaona ni bora waoteshe miembe uani kuliko kuishi wakiitamani Bagamoyo. Nami naamini Bi Msafara aliibeba ile ndoo kwa sababu hiyohiyo: binti yake yuko huku, na alitaka amwachie kitu cha nyumbani.

Pale Kwihara, Bi Msafara akainua macho kwenye miembe. "Hii yetu." Bibi Karanga akapapasa ukuta mnene wa udongo. "Na huu wetu." Wakakaa kivulini wakamenya maembe, wakacheka mambo ambayo sikuambiwa. Moyo wangu ukatulia.

Tulipokuwa tunarudi, nyuma ya gari nikasikia maafikiano. Wote wawili walikubaliana kwamba tembe lile lina ua wa maana, na nyumba yangu haina. Kufika tu, kabati likahamishwa, kitanda chetu kikageuzwa kuelekea mlango wa uani, na jamvi la Bi Msafara likatandikwa sebuleni kuuzunguka mnazi. Mke wangu aliwashikia upande wa kabati. Mirambo alitoza kila kilichopita.

Siku hizi kisamvu kinaungwa kwa karanga na tui kwa pamoja, na nakiri kwamba ni kitamu kuliko vyote viwili. Nauli ya Bi Msafara ya kurudia nilikwishamkabidhi. Ameitumia kununua ndoo kubwa zaidi, maana mche umetoa jani jipya, na kochi liko uani chini ya mwembe, ambako kuku wa Bibi Karanga wanatagia.