Ajira ya Chuoni: Mwongozo kwa Mpangaji wa Kilakala

Anza kwa kupanga chumba Kilakala. Wenzako watakushawishi mpange karibu na geti la SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, usiwasikilize. Geto la Kilakala linakupa Milima ya Uluguru dirishani bila kuongezewa kodi, na linakupa umbali wa kutosha hadi chuoni kiasi kwamba ukifika tarehe ishirini utakuwa umeshaelewa kwa nini binadamu hutafuta kazi. Sababu ni nauli.

Kuna watakaosema una bumu, unatafuta kazi ya nini? Kweli, Bodi ya Mikopo, kama imekukumbuka, inakupa hadi shilingi 10,000 kwa siku ya chakula na malazi, tangu mwaka wa masomo 2022/23. Kabla ya hapo ilikuwa 8,500. Kwenye karatasi hesabu inapendeza. Shida ni kwamba fedha hiyo haiji siku kwa siku, inakuja kwa mkupuo, na siku ya mkupuo Morogoro nzima inajua. Mji kasoro bahari hauna bahari, lakini una mawimbi: wiki ya kwanza kuku choma, wiki ya pili chipsi mayai, wiki ya nne unamsalimia mama lishe kwa sauti ya mtu anayetaka kukopa.

Piga simu nyumbani uwataarifu kwamba unatafuta kazi. Simu itapokelewa na baba mkubwa, maana siku zote ndiye aliye karibu nayo. Atakwambia kizazi chenu ni laini. Wao walisoma Elimu ya Kujitegemea, ile ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1967: walilima, walifuga, walifyatua matofali ya madarasa waliyosomea. Msikilize mpaka mwisho na uitikie pale panapostahili. Usimkumbushe kwamba enzi hizo chuo kikuu kilikuwa cha bure. Wala usimtajie wale wanachuo wa Dar es Salaam walioandamana Oktoba 1966 kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu akawarudisha makwao na akapunguza mshahara wake mwenyewe. Ukinyamaza vizuri, mzee atamaliza kwa kukurushia elfu kumi, na hiyo ndiyo ilikuwa shabaha ya simu.

Lakini baba mkubwa, bila kukusudia, amekueleza kitu cha maana. Kwetu kazi ya shuleni ina majina mawili tu: zamu na adhabu. Tazama jirani zako wa Kilakala Sekondari, shule iliyoanzishwa na masista wa Maryknoll kwa jina la Marian College. Humo wanasoma mabinti wenye vichwa vya kuogopesha, na bado ufagio una ratiba yake. Hakuna aliyewahi kumaliza kufagia akauliza malipo yanatoka lini. Wewe nawe umepitia miaka kumi na mitatu ya kumwagilia miche, kudeki madarasa na kuchota maji ya mwalimu wa zamu. Umeiva. Ndiyo maana mtu akikupa kazi chuoni, swali la mshahara linakukwama kooni kama mwiba wa perege. Liache hapohapo, mwajiri wako anapenda lilale humo.

Kazi yenyewe haitangazwi. Inanong'onwa. Mhadhiri ana mradi, mradi una dodoso, dodoso linahitaji vijana "wenye moyo". Ukisikia neno moyo, jua mfuko haujatajwa kwa makusudi. Itikia haraka kabla CR, mwakilishi wa darasa, hajawaita rafiki zake.

Mtapandishwa Mgeta, huko wanakolima karoti na kabichi kwenye miteremko ambayo mbuzi mwenyewe anaitafakari kwanza. Mavazi: buti kama unazo, na kama huna, zile raba za kuazima kwa mwenzako, utakazozizika ukirudi. Dodoso litakuwa refu kuliko tasnifu yako. Swali la kwanza litauliza mkuu wa kaya ni nani, na limeandikwa na mtu asiyewajua Waluguru. Bibi utakayemkuta atacheka, kwa sababu kwao ukoo na ardhi vinafuata upande wa mama, na huyo mzee aliyekaa pale barazani, unayemwelekea na kalamu yako, alikuja tu kuoa. Andika unachoambiwa. Kisha bibi atauliza swali ambalo halimo kwenye semina elekezi:

"Mjukuu wangu, wenzako walikuja mwaka jana wakaniuliza hayahaya. Majibu yangu yalipotea?"

Jibu sahihi ni, "Hapana bibi, tunahakiki." Atakuhurumia, atakupa ndizi. Ndizi hiyo mkononi mwako ni malipo ya kwanza ya mradi, na kwa miezi kadhaa itabaki kuwa malipo pekee.

Kudai ni kazi ya pili, tena ngumu kuliko ya kwanza. Ofisi ya uhasibu iendee asubuhi, umechomekea. Mpe mhasibu shikamoo hata kama mmezaliwa mwaka mmoja. Atakwambia masurufu hayajatoka. Wiki inayofuata yametoka ila mtia saini yuko Dodoma. Mtia saini akirudi, mfumo umegoma. Mfumo ukiamka, jina lako lina herufi moja zaidi ya ile iliyoko benki. Usipandishe sauti. Sema "sawa mkuu, nitapita tena," uondoke ukitabasamu, ukalilie daladalani.

Ukiwa na nafasi kati ya foleni moja na nyingine, nenda kajifunze kwa mfanyakazi aliyefanikiwa kuliko wote pale SUA. Ni panya. Shirika la APOPO limeweka kambi chuoni hapo tangu mwaka 2000, linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu kwenye makohozi. Mafunzo yanachukua kama miezi tisa, na utaratibu wa malipo ungemshangaza mhasibu yeyote: panya akinusa sawasawa, kinasikika kidude kikilia "tik!", anapewa ndizi. Papo hapo. Hakuna fomu, hakuna mtia saini. Na hakuna mtu aliyewahi kumwambia panya kwamba ndizi ni jambo la baadaye, kwa sasa anajenga wasifu. Wangejaribu, angekaa chini, na mabomu yangebaki ardhini.

Magawa, aliyezaliwa hapo SUA Novemba 2013, alipelekwa Kambodia na hadi anastaafu mwaka 2021 alikuwa amegundua mabomu ya ardhini 71. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi alilimaliza kwa nusu saa. Waingereza wa PDSA walimvisha medali ya dhahabu mwaka 2020, panya wa kwanza kuipata. Alistaafu na matunzo yake, akafariki Januari 2022, na kwa kadiri ya kumbukumbu zote Bodi ya Mikopo haikumkata asilimia 15 ya ndizi zake. Wewe subiri ajira rasmi, utakatwa.

Kwa wasiopenda milima wala foleni, ziko kazi nyingine. Kusaidia stationeri: utalipwa kwa kopi, na utasoma madesa ya kozi zote isipokuwa yako. Uwakala wa pesa: utaona salio la wenzako na kupoteza heshima kwa wengi. Kuuza maandazi chumbani: wateja wa kwanza ni marafiki, nao hukopa, kufikia wiki ya mitihani huna mtaji wala marafiki. Halafu kuna serikali ya wanafunzi, mahali pekee nchini ambapo mtu anaitwa Mheshimiwa Waziri huku akidaiwa na muuza chipsi. Usidharau. Nimeona waliotoka huko wakifika mbali, na deni la chipsi hawakulipa.

Fedha ya mradi hatimaye itaingia, nayo itaingia siku ya mtihani, simu ikiwa imezimwa. Usishangae ukifika nyumbani ukamkuta mama mwenye nyumba amekaa kwenye ngazi, anasema amesikia mambo yako ni mazuri. Mlipe kodi ya miezi miwili uliyobana. Mlipe mama lishe. Mrudishie mwenzako raba zake, ambazo ulishazizika, kwa hiyo mnunulie nyingine. Kinachobaki kinatosha nauli ya kwenda chuoni, ambako mhadhiri amekuita. Mradi umepata awamu ya pili. Safari hii wewe ni msimamizi, huna haja ya kupanda Mgeta. Unatakiwa tu kumtafutia vijana watano wa mwaka wa kwanza, wenye moyo.

Pita kwenye mabweni jioni. Chagua waliokaa bweni tangu kidato cha kwanza. Hao wakipewa ufagio hawaulizi.